Barua ya wazi kwa mabosi: tapeli wa imeili anaongea kama nyie, tupeni ruhusa ya kuwauliza

Kwenu wakurugenzi, wenye kampuni na wakuu wa fedha, pamoja na nyie wa IT na wa benki ambao nitawafikia huko chini,

Habari za kazi. Anayewaandikia ni mtu wa malipo, yule anayepokea invoisi, anaingiza malipo kwenye mfumo wa benki, na hela ikipotea ndo wa kwanza kuitwa. Siisemei kampuni moja hapa. Haya mambo yanafanana kila mahali, kampuni kubwa, duka la watu wanne, shule, hospitali, taasisi za dini, wote wanaletewa imeili zilezile. Nimeamua kuyasema hadharani kwa sababu kwenye vikao vya ndani tukiyasema jibu ni moja tu, "muwe makini", halafu mwenyekiti anahamia ajenda inayofuata.

Sasa makini na nini, mbona hamsemi? Ngoja niwaonyeshe imeili yenyewe ilivyo, maana nahisi wengi wenu hamjawahi kuiona, haiji kwenu, inakuja kwetu na ina jina lenu juu:

"Habari. Upo mezani? Kuna kazi ya haraka nataka uifanye leo kabla benki hawajafunga. Niko kikaoni siwezi kupokea simu, nijibu hapahapa. Hii ibaki kati yetu wawili kwanza, wengine nitawaeleza mwenyewe. Asante."

Basi, ndo hiyo. Haina linki, haina kiambatanisho, haina namba ya akaunti wala kiasi cha hela, kwa hiyo ile programu ya kuchuja taka inaipitisha kama imeili safi kabisa, itakamata nini wakati ni salamu tu? Kazi yake ni kuona nani atajibu. Ukishajibu "ndiyo bosi, nipo" umeshaingia kwenye maongezi, na ya pili ndo inakuja na namba ya akaunti na kiasi, na kisa kizuri tu, tunanunua kampuni fulani, mawakili wanasubiri malipo ya awali, habari zisivuje.

Sasa fungueni folda yenu ya imeili mlizotuma, someni mlizotuandikia sisi mwezi uliopita. "Lipa hii leo." "Niko safarini, fanya tu." "Bado???" Hamna salamu, hamna maelezo, na ole wako upige simu kuuliza, utajibiwa "kwani huwezi kusoma?" Mnaona shida ilipo? Tapeli hahitaji ufundi wa kompyuta wala nini, anahitaji kuandika kama bosi mwenye haraka ambaye hataki maswali, na nyie mmemfanyia nusu ya kazi. Sisi tumezoeshwa kwamba agizo la haraka lisilo na maelezo ni jambo la kawaida, halafu mnataka siku moja tu, ile ya tapeli, tulishtukie.

Sio maneno yangu matupu. FACC, kampuni ya Austria inayotengeneza sehemu za ndege, Januari 2016 ilitangaza imepigwa karibu yuro milioni 50, na kisa chenyewe ndo hichohicho, imeili iliyojifanya ya mkurugenzi mkuu ikiagiza hela za kununua kampuni nyingine. Mkuu wa fedha aliondolewa, na Mei mwaka huohuo bodi ikamwondoa na mkurugenzi mkuu mwenyewe. Wale wa Pathé Uholanzi, watu wa majumba ya sinema, mwaka 2018 walituma zaidi ya yuro milioni 19 wakiamini makao makuu Ufaransa yananunua kampuni Dubai kwa siri. Hiyo ndo inaniuma zaidi ukisoma yaliyotokea, maana wakubwa wawili wa pale mwanzoni waliona kitu hakijakaa sawa, wakaulizana wao kwa wao, lakini wakaendelea kulipa awamu baada ya awamu. Kuhisi walihisi. Kumpigia bosi wa Paris kwa namba yake ya siku zote na kumuuliza "ni wewe kweli?" ndo hawakufanya, na wote wawili kazi ikaota mbawa.

Mnaoogopa virusi na wale wahalifu wanaofunga kompyuta ili mlipe kikombozi, sawa, ogopeni, lakini tazameni na hesabu. Ripoti ya FBI ya mwaka 2023 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaonyesha hasara zilizoripotiwa za hizi imeili za kujifanya bosi au saplaya zilikuwa kama dola bilioni 2.9. Za kikombozi zilizoripotiwa mwaka huohuo hazikufika dola milioni 60. Najua wa kikombozi wengi wanaficha, ila hata ukizidisha mara kumi bado. Na bajeti ya ulinzi inaenda wapi? Kwenye mitambo. Kwenye utaratibu wa malipo, ambao kuubadilisha ni karibu bure, haiendi hata senti.

Tuje kwa saplaya sasa, hapa ndo pabaya kuliko kote na ndo nataka mnisikilize vizuri.

Saplaya mnayemfahamu miaka yote anaandika, "tumebadilisha benki, malipo yajayo tumeni kwenye akaunti hii mpya". Nembo ni yake, sahihi ya chini ni yake, namba ya invoisi ni sahihi, kiasi ni sahihi mpaka senti ya mwisho. Wakati mwingine anwani ndo imechezewa, herufi moja tu, wanaweka r na n zikae pamoja zionekane m, au namba 1 mahali pa herufi l, au wanaongeza kistari, au mwisho unakuwa .co badala ya .com. Kwenye simu ndo usiseme kabisa, programu nyingi zinaonyesha jina tu na anwani hauioni mpaka ubonyeze lile jina. Kuna nyingine anwani ya mtumaji inaonekana sawasawa ila ukibonyeza kujibu jibu linaenda kwingine kabisa, kwa hiyo kabla ya kutuma jibu tazama pale juu limejaza anwani gani.

Hayo yote ni ya kufundishika. Lisilofundishika ni pale boksi la imeili la saplaya lenyewe limeshaingiliwa. Mtu wa kule aliingiza paswedi kwenye ukurasa feki wa kulogini, jamaa wakaingia na hawakuharibu kitu, wakakaa kimya. Wanasoma. Wanajua nani anaandikiana na nani, mnaitana vipi, malipo makubwa yanatoka lini. Wanaweka na sheria ndogo kwenye setingi za lile boksi, kwamba imeili yoyote yenye neno la malipo nakala iende kwao, na majibu kutoka kwenu yajifiche kwenye folda ambayo hakuna mtu anafungua. Siku ya siku wanajibu ndani ya mazungumzo yaleyale mliyokuwa nayo, kutoka kwenye anwani ya kweli kabisa, wamebadilisha mstari mmoja tu wa akaunti. Hapo niambieni, "muwe makini" itatusaidia nini? Hakuna kosa la kuona. Hata wakuu wenu wa IT wakiletewa wakae nayo wiki nzima watasema ni halali, kwa sababu kimtambo ni halali.

Google na Facebook, kampuni ambazo hakuna anayeweza kusema hazijui kompyuta, kati ya 2013 na 2015 zilimlipa mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, zaidi ya dola milioni 120 kwa pamoja. Alichofanya ni kusajili kampuni yenye jina sawa na la saplaya wao wa Taiwan, Quanta Computer, akafungua akaunti kwa jina hilo, na invoisi, mikataba na imeili za kughushi zikaanza kumiminika. Wakalipa. Alikamatwa, akakiri, na Desemba 2019 akahukumiwa miaka mitano jela. Kwa hiyo mkiniambia mfanyakazi wenu wa malipo alikuwa mjinga, nitawauliza na wale nao ni wajinga?

Na ile ya "angalia makosa ya spelingi" tafadhali itoeni kwenye mabango yenu, imeshapitwa na wakati. Siku hizi akili bandia inaandika lugha yoyote imenyooka kuliko yetu sisi, makosa ya spelingi tunayo sisi wenyewe (na bosi ndo anaongoza). Mwanzoni mwa 2024 ilitoka habari ya mfanyakazi wa Hong Kong, baadaye ikajulikana ni wa kampuni ya uhandisi ya Arup, alipata imeili ya malipo ya siri kutoka kwa mkuu wa fedha akaitilia shaka, na shaka yake ilikuwa sahihi kabisa! Kilichomponza ni kwamba alialikwa kikao cha video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake wengine anaowatambua kwa sura na sauti, wote feki, wametengenezwa na kompyuta. Akatuma kama dola milioni 25 za Marekani kwa mikupuo 15. Kwa hiyo hata "nimemuona kwa macho yangu" haitoshi kama yeye ndo aliyekutumia mwaliko.

Neno la msingi ni hilo, nani kamtafuta nani. Kitu chochote kinachokujia wewe, iwe imeili, simu, video au meseji, hakiwezi kujithibitisha chenyewe. Uthibitisho ni pale wewe unapokata, unachukua namba iliyopo kwenye mkataba au ile uliyoipigia mwaka jana, unapiga, unaongea na mtu. Sio namba iliyoko chini ya imeili hiyohiyo, hiyo itapokewa na tapeli mwenyewe kwa adabu zote na atakwambia "ndiyo, tumebadilisha benki, asante kwa kuhakiki". Na asije mtu akaniambia saplaya kapiga mwenyewe kuthibitisha, wanapiga sana tu, wengine wanapiga hata kabla ya kutuma imeili ili ikija uione unaifahamu.

Ndo maana ombi letu kwenu ni jepesi kulisema ila gumu kwenu kulitekeleza, kwa sababu linagusa ukubwa wenu. Tunataka sheria kwamba akaunti mpya au mabadiliko ya akaunti hayaingii kwenye mfumo mpaka mtu apige simu namna niliyoeleza, aandike kaongea na nani na saa ngapi. Na sheria hiyo iwashike na nyie. Hasa nyie. Siku bosi atakaposema "hii ya kwangu ipite tu, nitaeleza baadaye", siku hiyo sheria imekufa, maana tapeli kesho atasema maneno hayohayo na sisi tutakumbuka kwamba huwa yanapita.

Kuna wenye kampuni watasema "mbona sisi tuna wathibitishaji wawili". Mnao, ndiyo. Wa kwanza anaingiza akijua wa pili ataangalia, wa pili anabonyeza kubali akijua wa kwanza ameangalia, tena anabonyezea kwenye simu akiwa kwenye lifti. Wawili wasioangalia ni sawa na hakuna. Wa pili awe ndo mwenye kazi ya kupiga simu, au angalau aulize "nani aliongea na saplaya?" kabla hajagusa kitu. Na Ijumaa jioni na siku za kuamkia sikukuu ndo za kuogopa zaidi, jamaa wanazipenda kwa sababu mtu akigundua Jumatatu hela imeshapita akaunti tatu au nne.

Wakuu wa IT, zamu yenu. Mifumo ya imeili ilianza kutumia kanuni za kutumiana barua za mwaka 1982 ambazo hazikuwa na namna ya kuhakiki mtumaji, kila mtu aliweza kuandika jina la yeyote pale kwenye "kutoka kwa". Dawa yake ipo miaka mingi, SPF inasema seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yenu (ile sehemu ya anwani inayofuata baada ya @), DKIM inaweka sahihi ya kidijitali kwenye kila imeili, na DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na zile zilizofeli. Hapo kwenye DMARC ndo mnapotuangusha. Inaweza kuwekwa kwenye hali ya kutazama tu bila kuzuia chochote, na wengi mkishaiweka hapo mnasema tayari, tumemaliza. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwabana wanaotuma imeili nyingi (Google walisema kuanzia kama 5000 kwa siku) wawe nayo, mkaiweka hiyo ya kutazama ili mpite, na hadi leo imekaa palepale. Ipandisheni mpaka ya kukataa. Najua kuna kazi, lazima kwanza mjue ni mifumo gani inatuma kwa jina lenu, ile ya mishahara, ile ya matangazo, lakini ndo kazi yenyewe. Zimeni na ile fowadi ya moja kwa moja, yaani imeili kujituma zenyewe kwenda nje ya kampuni, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa kila mtu, na simaanishi kila mtu kasoro wakurugenzi kwa sababu "unawasumbua". Ila msije mkamwambia bosi DMARC itamaliza tatizo, domeini iliyochezewa herufi moja ni domeini halali iliyosajiliwa na mtu, itapita kila kipimo.

Benki na nyie. Sehemu nyingi bado mteja akiandika jina la kampuni na namba ya akaunti mnaangalia namba tu, jina hata likiwa la mtu mwingine kabisa hela inaenda. Uingereza benki kubwa zilianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, na kwenye nchi za yuro limekuwa la lazima kuanzia Oktoba 2025, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

La mwisho ni siku yenyewe ikitokea, maana itatokea tu. INTERPOL walieleza kisa cha mwaka 2024, kampuni ya Singapore ya kuuza na kununua bidhaa ilipata tarehe 15 Julai imeili ya "saplaya" ikiomba malipo yaende akaunti mpya ya Timor-Leste, anwani ilikuwa na tofauti ndogo tu ya spelingi. Tarehe 19 wakatuma dola milioni 42.3. Tarehe 23 saplaya wa kweli akauliza mbona hajalipwa, wakaripoti polisi, na tarehe 25 dola milioni 39 zikazuiwa zikiwa bado kwenye akaunti ya tapeli, watu saba wakakamatwa na nyingine zaidi ya milioni 2 zikapatikana. Mtu alipogundua hakukaa nalo tumboni. Saa za mwanzo ndo zinarudisha hela: unapiga kitengo cha utapeli cha benki yako waitake benki iliyopokea izuie, unaripoti polisi, imeili hufuti, na tapeli humjibu kumwambia umemshtukia kwa sababu atakimbilia kutoa hela.

Sasa mtu atasema saa hiyohiyo kama anajua kusema ni kufukuzwa? Atanyamaza. Atajaribu kwanza kumwandikia tapeli kumbembeleza arudishe, atasubiri kesho, atamwambia mwenzake, na hela ndo inayoyoma. Mnapomfukuza wa malipo kila mtu mwingine pale ofisini anajifunza kuficha.

Kuwarahisishia, tangazo nimeshaliandika, msitulipie semina. Lisainiwe na mkubwa kuliko wote, libandikwe na lisomwe kwa sauti kikaoni:

"Mfanyakazi yeyote atakayechelewesha malipo ili kuthibitisha kwa simu hatalaumiwa, hata kama agizo limetoka kwangu, hata kama ni la haraka, hata kama nimesema nisipigiwe. Nikiagiza malipo kwa imeili nitegemee kupigiwa, na nitapokea. Nisipopokea, malipo yasubiri. Atakayegundua tumetapeliwa na akasema saa hiyohiyo hataadhibiwa kwa kusema."

Tunasubiri sahihi.

Mtu wa malipo